Mavazi ya Michezo na Joto la Mwili

Mwanafunzi wa shule ya msingi akimbiapo, takriban robo tu ya nishati itumiwayo na misuli husukuma mwili. Iliyobaki hugeuka joto. Mwili hulipunguza joto hilo hasa kwa jasho: kila gramu 1 igeukayo mvuke juu ya ngozi huchukua takriban kilojuli 2.4. Mjini Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwingi, jasho hukauka polepole. Hivyo, siku ya mazoezi yafaa mtoto atoke nyumbani na fulana na kaptura pana, nyepesi, akibeba nguo kavu za kubadili, kwani unyevu hustawisha kuvu ya ngozi. Asiye na vazi maalumu asizuiwe kucheza: kinachopoza mwili ni jasho likaukalo, si bei ya nguo.