Maji ya mapafu: si kila mara ni kifua kikuu



Tuseme kijana ametoka kwenye chimbo la zahabu huko Misisi, mguu umevunjika. Amefungwa plasta, analala wiki nne kwa mama yake hapa Kavimvira. Siku moja, ghafula, kichomi kinamshika upande mmoja wa kifua. Akivuta pumzi, ni kama kisu. Kesho yake anakohoa mate yenye damu. Jirani wanasema: «Hiyo ni tibi, alikula vumbi mingi kule chini.» Mwingine anataka kumchanja mbavuni. Radio inapigwa: kuna maji pembeni ya pafu.

Maji hayo yametoka wapi?

Kila pafu limefunikwa na ngozi mbili nyembamba. Katikati yake kuna maji kidogo sana, yanayosaidia pafu kuteleza. Sasa, mguu usipotembea, damu inakawia ndani ya mishipa na inaweza kuganda. Bonge hilo likikatika, linapanda mpaka moyoni, na moyo unalisukuma katika mapafu. Huko linaziba mshipa. Kipande cha pafu kinakosa damu, kinakufa, na maji yanavuja kati ya zile ngozi mbili, mara nyingi yakiwa na rangi ya damu. Munganga Rudolf Virchow wa Ujerumani alieleza safari hiyo ya damu tangu miaka ya 1840.

Ni kweli, kwetu kifua kikuu kinaleta sana maji ya namna hii. Lakini chenyewe kinakuja polepole: kikohozi cha wiki mbili ama zaidi, homa, jasho la usiku, kukonda. Bonge la damu linakuja ghafula, na mara nyingi mguu mmoja umevimba na unauma. Radio inaonyesha maji tu, haisemi sababu yake. Ndiyo maana makohozi yapimwe, na mguu uangaliwe pia.

Kukosea hapa ni hatari. Dawa za tibi hazizuii damu kuganda, na bonge la pili linaweza kuua. Mgonjwa wa bonge anahitaji sindano za heparini, halafu vidonge, kwa kawaida miezi mitatu ama zaidi. Maji yenyewe mara nyingi ni kidogo, yanakauka bila kutolewa. Na akiisha kuanza dawa hizo, chale ni hatari: damu haitasimama upesi.

Wajihazari hasa aliyevunjika mguu, aliyepasuliwa, mama aliyezaa karibuni, mgonjwa wa kansa, na mwenye anemi SS. Kama munganga anakubali, simama mapema, tembea kidogo, chezesha vidole vya miguu hata kitandani.

Na wewe mama, ukimpeleka mtoto wako lupitali, usiseme tu: «Munganga, kifua kinamuuma.» Sema pia: «Alikuwa amelala wiki nne, na muguu yake ilivimba.» Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha yake.