Mapigo ni Yako, Oksijeni ni ya Kuazima

Kijana wa Mbweni anayejifunza elektroniki anahitaji waya nne tu kuunganisha chipu ya MAX30102 na bodi ya Arduino, na mara kioo kinamwonyesha namba mbili: mapigo ya moyo kwa dakika, na asilimia ya oksijeni katika damu. Zimeandikwa kwa ukubwa mmoja, kana kwamba zina hadhi moja. Hazina. Ya kwanza kifaa kimeihesabu chenyewe. Ya pili kimeikisia, kwa kufuata mchoro uliotokana na vidole vya watu wengine.

Ndani ya chipu mna taa mbili, nyekundu ya nanometa 660 na ya infraredi ya nanometa 880 isiyoonekana kwa macho, na pembeni yake kipokezi cha mwanga unaorudi kutoka kidoleni. Moyo ukipiga, ateri ndogo hutanuka, damu humeza mwanga zaidi, na mwanga unaorudi hupungua kidogo sana, mara nyingi kwa chini ya asilimia 2. Kuhesabu mapigo ni kuhesabu mipunguo hiyo. Ukibonyeza kidole mno, au jua la barazani likipenya, mchoro wa mapigo huvurugika, lakini unauona ukivurugika. Tena ukaguzi hauhitaji maabara: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, tazama saa kwa dakika moja, linganisha.

Oksijeni ina safari ndefu zaidi. Mjapani Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970 jinsi ya kuipima kwa kutumia sehemu ya mwanga inayopigapiga. Himoglobini yenye oksijeni huachia mwanga mwekundu upite, na isiyo nayo huumeza. Kwa kila rangi unagawa sehemu inayopigapiga kwa sehemu iliyotulia, kisha unagawa jibu la nyekundu kwa jibu la infraredi. Unapata uwiano, tuuite R, na hapo fizikia inakuaga. Mwanga hutawanyika ndani ya nyama kwa namna isiyokokotoleka kirahisi, kwa hiyo watengenezaji huwavutisha watu wenye afya hewa yenye oksijeni pungufu, huchukua damu ya ateri, huipima maabara, na kuchora mstari wa kugeuza R kuwa asilimia. Vitabu vingi hutoa kanuni fupi: 110 ukitoa 25R. Programu ya mfano ya Maxim, kampuni iliyobuni chipu hii, hutumia mchoro uliopinda. R ikiwa 0.5, ya kwanza inasema 97.5 na ya pili karibu 98.8, hapo hakuna wa kugombana. R ikifika 1, ya kwanza inasema 85 na ya pili 80. Zinakubaliana juu ya mzima, zinaachana juu ya mgonjwa.

Utapewa ushauri: linganisha kifaa chako na kipima oksijeni cha duka la dawa, kisha rekebisha. Ushauri mzuri, ila Mbweni iko ufukweni, penye hewa yenye oksijeni tele. Kusanya majirani wote wenye afya na karibu kila mmoja atasoma kati ya 95 na 100. Kanuni zote mbili zitafaulu mtihani huo, na hutajua ipi inakosea huko chini. Kubana pumzi hakusaidii, maana damu ya kidoleni huchelewa kubadilika na mbanaji hukata tamaa upesi. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, oksijeni hushuka kweli, lakini baridi hukausha mapigo ya vidoleni, na bado unalinganisha kisio na kisio.

Rangi ya ngozi nayo hupotosha kisio. Lipo pingamizi la kitaalamu: rangi hiyo haibadiliki kati ya pigo na pigo, basi mgawanyo ule unaifuta. Kwa nadharia, ndiyo. Ila taa ya LED haitoi urefu mmoja wa wimbi bali mkanda mwembamba, na melanini humeza zaidi upande mmoja wa mkanda huo kuliko mwingine. Juu ya hayo, mwanga unaorudi ni hafifu na kelele zake ni nyingi. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa hospitali za Marekani: miongoni mwa vipimo vilivyosomeka 92 hadi 96, damu ya ateri ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, dhidi ya 3.6 kwa Wazungu. Na hivyo vilikuwa vifaa vya hospitali.

Mwingine atasema afadhali kisio kuliko giza, hasa kwa mtoto mwenye nimonia mbali na zahanati. Ningekubali kama kosa lingeelekea kwenye tahadhari. Linaelekea kwenye faraja: kioo kinasema 94, mama anasubiri asubuhi. Kifaa kilichopimwa na kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania (TMDA) ni jambo jingine, na mtoto anayevuta mbavu ndani apelekwe hospitali hata kioo kikisema 99. Kwenye mradi wa nyumbani, onyesha mchoro wa mapigo na hesabu yake, hifadhi kasi ya moyo kutulia baada ya kukimbia ufukweni, na mahali pa asilimia andika R yenyewe, tarakimu mbili baada ya nukta.