Tony na Maureen Wavuka Asia

Wanangu, hebu fikirini mko wawili tu, mke na mume, mmeshuka basi saa mbili usiku katika mji ambao hamna ndugu wala jamaa. Maandishi yaliyo juu ya maduka hamwezi kuyasoma. Lugha inayosemwa pale hamuijui. Simu ya kutazamia ramani haijabuniwa bado. Mtalala wapi? Mtakula nini, na mtajuaje kwamba bei mliyotajiwa ni ya haki? Leo nawasimulia watu wawili walioishi hivyo karibu nusu mwaka, kutoka Uingereza hadi Australia, na jinsi majibu waliyoyaokota njiani yalivyogeuka kitabu.

Mume ni Tony Wheeler, Mwingereza aliyesomea uhandisi. Mke ni Maureen, binti wa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Walikutana mwaka 1970 kwenye benchi katika bustani ya Regent's Park, London, wakati Maureen bado mgeni mjini. Mwaka uliofuata wakafunga ndoa. Tony alikuwa ameshaahidiwa kazi na kampuni ya magari ya Ford, kazi ambayo wazazi wengi wangeipigia vigelegele, lakini akaomba aanze baadaye. Walitaka kwanza waione dunia, kisha warudi watulie.

Wakanunua gari dogo kuukuu aina ya Mini kwa pauni 65, na mwaka 1972 wakashika njia. Waliikata Ulaya hadi Istanbul, Uturuki. Mji huo una miguu miwili, mmoja Ulaya na mwingine Asia, na katikati unapita mkono wa bahari uitwao Bosphorus. Daraja la kwanza la kuuvuka lilifunguliwa Oktoba 1973, kwa hiyo mwaka ule msafiri alipanda kivuko pamoja na gari lake, kama tunavyofanya Likoni. Fikirini: dakika chache majini, na umeshabadilisha bara.

Mbele ilikuwepo njia waliyoipita vijana wengi wa Ulaya miaka hiyo: Uturuki, Iran, kisha Afghanistan. Msishangae. Leo mkisikia Afghanistan mnasikia vita, lakini wakati ule kijana mwenye viza aliingia, akalala nyumba ya wageni ya bei nafuu, akanywa chai na wenyeji. Hata barabara kuu zilikuwa nzuri, kipande kimoja kimejengwa na Wasovieti na kingine na Wamarekani, maana mataifa hayo mawili yalikuwa yakigombea urafiki wa nchi ile. Huko Kabul, mji mkuu wake, Tony na Maureen wakaliuza gari lao.

Hapo ndipo safari ya shanta ilipoanza hasa. Mwenye gari hubeba nyumba yake. Mwenye shanta hubeba kile tu ambacho mgongo utakubali, na kila jioni anaanza upya kutafuta pa kulala. Tangu hapo walikwenda kwa mabasi, treni, meli na kuomba lifti.

Nataka nikae hapa kidogo, maana hapa pana elimu ya kusafiri wawili, na wasafiri wa aina hii wote huijua. Mkifika mji mgeni, mmoja anabaki na mizigo kwenye kibanda cha chai, mwenzake anazunguka gesti moja baada ya nyingine mikono mitupu. Mwenye gesti akimwona mtu amelemewa na mzigo, jasho linamtoka, anajua hataenda mbali, na bei inapanda. Akimwona mtu mwepesi anayeweza kuaga na kuondoka, anaongea naye vizuri. Yule aliyezunguka hurudi na habari, na uamuzi unafanywa na wawili.

Pesa nazo zilikuwa na mpango wake. Miaka ile watu walibeba hundi za wasafiri, kila moja na namba yake. Zikiibiwa, mwenye kumbukumbu ya namba aliweza kudai nyingine. Basi mwerevu alizigawa hundi sehemu mbili, mume zake na mke zake, na kila mmoja akaandika namba za mwenzake. Barua za nyumbani zilitumwa Posta Kuu ya mji ambao msafiri alitarajia kupita, Kathmandu kwa mfano. Ukifika unaonyesha pasipoti, karani anapekua rundo, na labda mama amekuandikia.

Iko faida nyingine ya kusafiri wawili ambayo naiona kubwa kuliko ya pesa. Katika nchi nyingi mwanamke mgeni hukaribishwa jikoni kwa akina mama, mahali ambapo mume wake hawezi kutia mguu, naye mume hukaa na wanaume barazani. Usiku wakikutana, kila mmoja ana nusu ya habari za mji ule. Na mmoja akishikwa na tumbo, ambalo halimkosi msafiri, mwenzake yupo wa kuchemsha maji na kuyatia sukari na chumvi. Ugomvi pia upo. Mara nyingi chanzo ni njaa na uchovu, ndiyo maana mimi ningewashauri vijana waliooana wale kwanza, ndipo wabishane kuhusu njia.

Tony na Maureen wakapita Pakistan, India na Nepal. Burma haikuruhusu wasafiri kuikatiza kwa barabara, kwa hiyo waliokuwa wakielekea mashariki waliiruka kwa ndege. Zikafuata Thailand, Malaysia, Singapore na Indonesia. Kutoka kisiwa cha Bali walipata nafasi katika mashua ya matanga iliyowafikisha Exmouth, pwani ya magharibi ya Australia. Bado Sydney ilikuwa upande wa pili wa nchi, zaidi ya kilomita 4,000, na huko nako wakaenda kwa lifti za watu. Walifika mwishoni mwa Desemba 1972. Wote wawili pamoja walikuwa na senti 27. Tony akaiweka kamera yake rehani wapate cha kula.

Wakatafuta kazi. Na kila walipotaja safari yao, watu wakauliza: Mlipitaje? Iligharimu kiasi gani? Viza mlipata wapi? Wakaona maswali ni yale yale. Basi wakakaa kwenye meza ya jikoni, wakaandika majibu, wakazibana kurasa kwa mikono yao wenyewe. Kitabu hicho cha mwaka 1973, *Across Asia on the Cheap*, hakikufika hata kurasa 100. Nakala 1,500 za kwanza zikauzwa upesi. Wakarudi barabarani, na mwaka 1975 wakatoa kingine kuhusu Asia ya Kusini-Mashariki. Kampuni yao, Lonely Planet, ikawa kubwa duniani. Afrika ilipata kitabu chake mwaka 1977, na baadaye kikatoka hata kijitabu cha kumfundisha mgeni Kiswahili cha sokoni na stendi. Maureen alipokuwa mama aliendelea kusafiri, na mwaka 1985 akaandika kitabu kuhusu kusafiri na watoto.

Vitabu vya namna hii vina hasara zake. Gesti ikishatajwa humo hujaa, bei hupanda, na jirani yake aliye mzuri vilevile hukosa wageni. Wala kitabu hakiwezi kuizuia dunia isibadilike. Mwaka 1979 mapinduzi yaliigeuza Iran, na Desemba ya mwaka huohuo majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan. Njia waliyoipita Tony na Maureen ikakatika.

Tena walikuwa na kitu ambacho wengi wetu hatuna: pasipoti inayofungua milango mingi bila kuhojiwa sana. Kijana wa kwetu akitaka kwenda Ulaya hujaza fomu, hulipa ada, huonyesha akaunti ya benki, na bado anaweza kukataliwa. Jambo hilo linaniuma, na ninyi mlijue mapema. Lakini ipo milango iliyofunguka karibu yetu. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Kaka yenu wa Kisumu na mkewe wanaweza kupanda basi, wakavuka Busia, wakalala Kampala, wakaendelea hadi Kigali. Wachukue vitambulisho, kadi za chanjo ya homa ya manjano, na daftari moja la kuandikia bei za vyumba na nauli, kwa sababu wakirudi wataulizwa.