Mwimbaji Aliyechekwa

Katika mji wa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, alizaliwa mtoto mwanamume mwaka wa 1924, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Charles Aznavour. Wazazi wake walikuwa Waarmenia. Walifika Ufaransa wakiwa wakimbizi, baada ya watu wengi wa taifa lao kuuawa katika dola ya Waturuki. Mali hawakuwa nayo, bali walipenda nyimbo na michezo ya kuigiza. Na mtoto wao alianza kuigiza mbele ya watu angali mdogo.

Alipokuwa kijana alitaka kupata riziki yake kwa kutunga nyimbo na kuziimba. Lakini alikuwa mfupi wa kimo, na sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Wengi walimcheka, wakasema kwamba mtu wa namna ile hafai kusimama jukwaani.

Mwaka wa 1946 mwimbaji mwanamke mwenye sifa kubwa, Édith Piaf, alimsikia akatambua akili yake. Akamchukua katika safari zake, hata Marekani. Aznavour hakuona haya kumtumikia: alimwendeshea motakaa, akatazama kazi ya taa za jukwaani, tena akamtungia nyimbo. Kwa muda wa miaka mingi nyimbo zake zilipendwa zaidi katika vinywa vya wengine.

Hata mwaka wa 1960, alipokuwa na umri wa miaka 36, aliimba katika ukumbi wa Alhambra, Paris. Wimbo mmoja ulieleza habari za mwimbaji aliyetumaini sifa maisha yake yote, asizipate. Watu wakaguswa mioyo, wakampigia makofi mengi. Tangu hapo jina lake likaenea. Mwaka wa 1963 aliimba New York, na nyimbo zake aliziimba kwa Kifaransa, Kiingereza, Kiitalia, Kihispania na Kijerumani. Watu walizipenda kwa sababu zilisimulia mambo wanayoyajua wenyewe: umaskini, uzee, na ujana upitao upesi.

Katika mwezi wa Desemba 1988 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Armenia, likaua watu wapatao 25,000. Aznavour hakulisahau taifa la wazazi wake. Alitunga wimbo, akawakusanya waimbaji wengi wa Ufaransa waimbe pamoja naye, na fedha zilizopatikana zikapelekwa kuwasaidia walioumia. Mwaka wa 2009 Armenia ilimfanya balozi wake katika nchi ya Uswisi.

Hakuacha kazi yake kwa ajili ya uzee. Katika mwezi wa Septemba 2018 aliimba Japani, naye alikuwa na miaka 94. Akafa tarehe 1 Oktoba mwaka ule ule. Serikali ya Ufaransa ilimwaga kwa heshima kuu, na zumari ya Kiarmenia ikapigwa mbele ya jeneza lake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.