Mirungi mbele ya sheria na mbele ya tabibu

Mpakani Namanga, mtu aweza kununua kitita cha miraa, ndiyo mirungi, upande wa Kenya mchana kweupe, akalipa fedha zake na akatafuna mbele ya askari bila ya kuulizwa neno. Walakini akivuka nacho kizuizi na kuingia Tanzania, majani yale yale, yaliyochumwa katika mti ule ule wa milima ya Nyambene huko Meru, humfanya kuwa mtuhumiwa wa dawa za kulevya chini ya sheria ya mwaka 2015, na kifungo kikawa mbele yake. Kenya iliyatia majani haya katika orodha ya mazao ya biashara mwaka 2016, ilhali Tanzania huyang'oa na kuyachoma moto katika milima ya Same. Kwa kuwa moyo na ubongo wa mwanadamu havibadiliki kwa kuvuka mpaka, yatupasa kwanza kuiuliza elimu ya tiba, kisha ndipo turejee kwa mahakimu.

Mmea wenyewe ni wa zamani sana, nao umetafunwa Uhabeshi na Yemen kwa karne nyingi kabla ya wanazuoni wa Ulaya kuufahamu. Jina lake la kisayansi, Catha edulis, latokana na maandishi ya Peter Forsskål, aliyefariki Yemen mwaka 1763 katika msafara wa uchunguzi, na kazi yake ikachapishwa na mwenziwe Carsten Niebuhr mwaka 1775.

Nguvu ya mirungi imo hasa katika kemikali iitwayo kathinoni, iliyobainishwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa, ambayo kwa umbo lake ni jamaa wa karibu wa amfetamini. Kathinoni haidumu: jani likishachumwa na kuanza kunyauka, hugeuka kidogo kidogo kuwa kathini, iliyo dhaifu kuliko yenyewe, na baada ya siku mbili hivi mtafunaji huona kuwa amebaki na kijiti kisicho na faida. Hii ndiyo sababu ya mabunda kuvikwa majani ya mgomba yenye unyevu, na ndiyo sababu ya magari ya mji wa Maua, huko Meru, kukimbia kwa kasi ya kutisha kuelekea Nairobi, ili mzigo uwahi ndege ukiwa mbichi. Na wengi wamekufa barabarani kwa ajili ya haraka hiyo, vifo ambavyo tabibu hataviandika kamwe katika daftari la madhara ya miraa, ijapokuwa ni madhara yake.

Aliyepita alasiri katika vibaraza vya Mombasa amewaona watafunaji wakiambua kwa meno ganda laini la vijiti, wakilichanganya na njugu au chingamu ili kuupunguza uchungu wake, kisha wakalishindilia donge shavuni na kuufyonza utomvu wake polepole huku mazungumzo yakiendelea. Kathinoni huingia mwilini kwa taratibu hiyo hiyo, kupitia ngozi ya ndani ya kinywa na kisha tumboni, na hufikia kilele chake katika damu baada ya saa mbili hivi, ikiuchochea ubongo kumwaga dopamini na noradrenalini. Hapo ndipo ijapo ile hali waiitayo handasi, yaani uchangamfu, maneno mengi, fikira kwenda mbio, na njaa na uchovu kusahaulika. Ikishuka, humwachia mtu unyonge, hasira za karibu na usingizi usiokuja.

Jambo la mwendo huo wa polepole ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, maana kadiri kileo kinavyoufikia ubongo kwa haraka, ndivyo kinavyomfunga mtu kwa nguvu zaidi. Heroini iliyodungwa mshipani hufika kwa muda wa sekunde tu, na anayeizoea, akiikosa, hutetemeka, hutapika na kuugua viungo vyote, hata ikabidi atibiwe kwa methadoni. Mtafunaji wa miraa akiacha huwa mzito, mwenye usingizi na ndoto mbaya kwa siku chache, aghalabu bila ya kuhitaji kulazwa. Kwa hiyo sheria inayoviweka vitu hivi viwili katika fungu moja imeukosa ukweli tangu mwanzo wake.

Lakini asije mtu akachukua maneno haya kuwa cheti cha usalama. Mirungi hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na uchunguzi uliofanywa Yemen uliona kuwa walioshikwa na shambulio la moyo walikuwa na watafunaji wengi miongoni mwao kuliko wenzao wenye siha. Kadhalika huleta kukosa choo, vidonda vya kinywa na kuharibika kwa meno. Kwa wajawazito imehusishwa na watoto wazaliwao na uzito mdogo. Na katika wale watafunao usiku na mchana bila ya kulala, wamo waliopatwa na wazimu wa kusikia sauti na kuwashuku watu wa nyumbani mwao. Fauka ya hayo kuna fedha za chakula cha watoto zinazoishia kwa muuzaji, na saa nyingi za kijana aliyekaa barazani.

Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliyapima majani haya mwaka 2006, ikakiri kuwa matumizi ya kupindukia yana madhara, lakini haikushauri yawekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Ilichopendekeza ni kuwaelimisha raia. Uingereza nayo iliambiwa na baraza lake la ushauri, mwaka 2013, kwamba ushahidi hautoshi kuyapiga marufuku. Serikali ikayapiga marufuku mwezi wa Juni 2014, na wakulima wa Meru wakapoteza soko kubwa. Upande mwingine, Mombasa ilipozuia muguka mwezi wa Mei 2024, hii ikiwa ni aina ya miraa ya Embu, rahisi kwa bei na kali kwa nguvu, ilifanya hivyo kwa kilio cha wazazi waliowaona watoto wao wakitafuna. Amri ile ikasimamishwa mahakamani, na kilio cha wazazi kikabaki bila jibu.

Mimi naona kuwa nchi zote mbili, Kenya na Tanzania, zimekosea, kila moja kwa namna yake. Kumfunga mtu mzima kwa kitita cha majani ni kumpa adhabu inayomdhuru kuliko majani yenyewe, hususan akitoka gerezani bila kazi na bila heshima. Na kuyaachia majani hayo yauzwe kwa kila mwenye shilingi, hata mtoto wa shule, bila ya yeyote kukagua dawa za wadudu zilizonyunyiziwa mashambani, ni kuitupa amana ya umma. Iliyo na insafu ni sheria imwachayo huru mtafunaji na kumbana muuzaji: umri wa mnunuzi, umbali wa duka na shule, kodi ipelekwayo hospitalini, na dereva aliyekesha akitafuna kuzuiwa asishike usukani.

Mpaka sheria hiyo itungwe, hasara iliyo karibu imo katika chumba cha tabibu. Mgonjwa wa presha upande wa Tanzania, akiulizwa anatumia nini, huficha mirungi kwa kuchelea polisi, na daktari humwongezea vidonge vya presha bila ya kujua kuwa kila jioni kazi ya vidonge hivyo inavunjwa barazani. Siri ya mgonjwa ni dhamana ya mganga, na muuguzi apimaye presha yafaa amwambie mgonjwa hivyo waziwazi, kisha amuulize bila ya ukali: unatafuna, na wakati gani, na kiasi gani.