Utamu wa Hindi Haulali
Machi, nikiwa ukweni Litumbandyosi, wilayani Mbinga, nilivuna mahindi mabichi kwa mbwembwe, nikayachemsha kesho yake. Mama mkwe alitafuna kidogo, akanyamaza. Shosti, aibu hiyo! Jioni nikamwomba samahani.

“Mwanangu, bandika maji kwanza, ndipo uende shambani,” akanielekeza taratibu.

Kumbe hindi likishavunwa, sukari yake huanza kugeuka wanga. Basi tukavuna, tukachemsha hapohapo, tukala. Yaliyobaki tukayapukuchua, tukayaanika juani hadi yakakauka kabisa, maana unyevu huleta ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu. Kiangazi unayaloweka usiku kucha, unayapika na maharage: makande ya nguvu!

Mwenzangu, hindi usililaze. Wala samahani kwa mama mkwe.