Uga wa Sumaku wa Stima Nyumbani: Wakazi Wajue Nini?

Mita ya stima iko nyuma ya ukuta wa chumba cha watoto, au transfoma imewekwa hatua chache kutoka langoni. Wazazi wengi hujiuliza: je, stima hiyo inaweza kuleta saratani?

Kila waya unaopitisha umeme huzungukwa na uga wa sumaku, unaopimwa kwa mikrotesla. Ukuta wa mawe hauuzuii, lakini hupungua haraka mtu anaposogea mbali. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), pasi hutoa mikrotesla 8 hadi 30 kwa umbali wa sentimita 3. Kwa umbali wa mita 1, hubaki 0.01 hadi 0.03. Kifaa kilichochomolewa hakitoi uga huo.

Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa kwa wananchi, kwa umeme kama unaotumika Kenya, ni mikrotesla 200.

Kuhusu saratani, mwaka wa 2002 wataalamu wa WHO waliuweka uga huu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha ugonjwa huo. Tafiti zilionyesha ongezeko dogo la saratani ya damu kwa watoto katika nyumba chache zenye wastani unaozidi mikrotesla 0.3 hadi 0.4. Hata hivyo, haijathibitishwa kwamba uga huo ndio chanzo.

Anayetaka kupunguza wasiwasi anaweza kusogeza kitanda mita moja au mbili kutoka kwa mita au friji. Pia, nyaya ziunganishwe na fundi aliyesajiliwa na mamlaka ya kawi, EPRA. Waya wa kupeleka umeme na wa kurudisha zikipita pamoja, uga wake hupunguzana. Zikiunganishwa ovyo, uga huongezeka.

Hatari iliyo wazi zaidi ni kupigwa na stima. Wakazi wanahimizwa:

- Wasijenge chini ya laini kubwa. Laini ya kilovolti 132 huachiwa njia ya upana wa mita 30, na ya kilovolti 400 mita 60.
- Wasikubali kuunganishiwa stima kiharamu.
- Waya ukianguka, wasiuguse. Wawazuie watoto na mifugo, kisha waarifu Kenya Power mara moja.

Sumaku ya pasi haijawahi kuthibitishwa kuua mtu. Waya ulioanguka unaweza kuua papo hapo.